Moto wa Chini ya Kitanda

Wifi yangu Mwanatumu tumemzika wiki iliyopita huko Msambweni, nami nimerudi kwangu Ukunda na mkono unaoniwasha. Nyuma ya nyumba ya marehemu vijana wa jirani walikuwa wakikaanga korosho za kupeleka Diani kwa wageni wa hoteli, na upepo ulipogeuka moshi ukaingia uani tulikokaa wanawake. Nilijifunika pua kwa leso kabla sijajua ninafanya nini. Wenzangu wakadhani ninalia, wakanipisha kwenye mkeka ulio mbali na ukuta. Mjukuu wa Mwanatumu, binti mmoja aitwaye Saida aliyejifungua hivi karibuni, alikuja kukaa karibu yangu na kichanga chake mapajani. Akaniuliza, kwa sauti ya chini inayofaa msibani, “Bibi, marehemu alikuwa akisema kwamba zamani mzazi alikokewa moto chini ya kitanda. Ni kweli, au alikuwa anatutisha tu?” Nikamwambia ni kweli. “Na hamkuungua?” Nikamwambia anipe mtoto nimpakate, akanipa hapo hapo, bila hata kunitazama usoni, huku akiendelea kuzungumza na mwenzake. Hajui alichonifanyia. Nilimshika yule mtoto mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikotoka na jinsi nilivyoolewa ni maneno mengine, tena hayana utamu. Nianze pale nilipokwisha kuwa mke wa Salimu na ninalala katika chumba cha kati cha nyumba ya mamake. Kilikuwa chumba chenye kuta za udongo, kidirisha kimoja kisichozidi upana wa sinia, na kitanda cha kamba kirefu cha miguu ambacho mama mkwe wangu, Bi Riziki, alikizalia wanawe wote. Salimu alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya miwa upande wa kusini na hakuja nyumbani ila mara moja moja. Nyumba ilikuwa yetu wanawake watatu: Bi Riziki, Mwanatumu na mimi. Bi Riziki alikuwa mnene wa mwili na wa maneno. Akikuamkua, hata jirani alimsikia. Siku ya kwanza niliposita kuchukua kitoweo mbele yake aliivuta sahani yangu akanijazia, akasema, “Hapa hakuna mwana wa mtu. Kuna wanangu. Kula.” Nilimpenda kwa neno lile, na sioni haya kulisema hata baada ya yote yaliyofuata.

Mwanatumu na mimi tulifanya kazi katika banda la korosho, pembeni mwa mji, chini ya mikanju, miti ya korosho yenyewe. Tajiri mwenyewe alikaa Mombasa na hatukumwona. Tulimwona msimamizi wake, ambaye naye alisimama upande unakotoka upepo. Korosho zilikaangwa ndani ya pipa lililopasuliwa katikati. Ganda la korosho lina mafuta yake meusi, makali, na yakishika moto hulipuka na kutoa moshi mnene wenye rangi ya njano. Moshi ule hauna huruma. Ukiingia puani hushuka mpaka kifuani na kukaa huko, na ukitua juu ya ngozi, hata hujagusa ganda lenyewe, jioni utavimba kope na shingo itatoka vilengelenge. Tulijipaka mafuta ya nazi, tukajisugua majivu mikononi, tukajifunga leso mpaka yakabaki macho tu, na bado tulirudi nyumbani tunakohoa njia nzima. Watu wa Msambweni walitujua kwa kikohozi kabla hatujatokea kwenye kona. Wabanguaji, wanaozigonga korosho juu ya jiwe kutoa kiini, vidole vyao vilikuwa vyeusi na ngozi inabambuka. Wakipona hubaki na mabaka, na mabaka yale hayafanani na ya kitu kingine chochote. Mwanamke aliyefanya kazi bandani akiyaona mkononi mwa mwenziwe hana haja ya kuuliza.

Maganda yaliyokwisha kukaangwa tuliruhusiwa kuyachukua. Mwanatumu alikuwa akijaza gunia na kulileta nyumbani, likakaa chini ya upenu wa jikoni. Ni kuni nzuri kwa mtu asiye na kuni: yanawaka upesi na moto wake mkali. Lakini yalikuwa na masharti yake, na kila nyumba iliyajua. Yanawashwa nje, kwenye mafiga ya uani, kwa kuchemsha maji ya kufulia au kupikia muhogo. Hayaingii ndani. Hayapikiwi wali, kwa sababu tui hushika ile harufu. Bi Riziki mwenyewe alikuwa akimfokea Mwanatumu akiliburuta gunia karibu na mlango. “Peleka shetani wako kule,” alikuwa akisema, “nisije nikakohoa mimi nisiyelipwa.” Tulicheka.

Mimba yangu ilipokuwa kubwa Bi Riziki akanikataza banda. Nilijifungua mwanzo wa masika, juu ya kitanda kile cha kamba, mtoto wa kike. Kama ilivyo desturi akapewa jina la bibi yake, akawa Riziki, na mama mkwe wangu tangu saa ile hakumwita kwa jina hata mara moja, alimwita somo, yaani wajina wake. “Somo yangu ameamka? Somo yangu amenyonya?” Alikuwa akimwogesha juu ya miguu yake aliyoinyoosha, akimkanda mgongo kwa mafuta, akimwambia siri za mtaa wote, na mtoto anamkodolea macho. Mimi nilikuwa mzazi, na mzazi siku hizo alikuwa mfalme aliyefungwa. Mpaka arobaini iishe hutoki nje. Unakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, unakunywa uji wa pilipili manga mpaka masikio yanatoa jasho, unapewa kuku peke yako, na chini ya kitanda kunawekwa kigae cha chungu chenye makaa ya moto ili tumbo lirudi na baridi isikuingie mifupani. Kidirisha kinazibwa kwa nguo ili upepo mbaya usimpitie mtoto. Juu ya makaa unanyunyiziwa ubani. Nakumbuka nikilala pale nikisikia mvua juu ya makuti, joto linapanda polepole kwenye kamba za kitanda, na sauti ya Bi Riziki jikoni akimgombeza kuku. Sijawahi kutunzwa hivyo tena maishani mwangu.

Makaa tuliyotumia yalitoka upande wa Gazi, makaa ya mkoko, yasiyotoa moshi. Masika ile ilikuwa na mvua isiyokatika, na mwenye kuleta makaa hakuonekana. Kuni za uani zililowa mpaka zikaota ukungu. Siku moja, baada ya adhuhuri, nikasikia baridi imenishika kweli, natetemeka, na Bi Riziki akaingia akanigusa miguu. “Umekuwa barafu,” akasema. “Ngoja mwanangu. Sitakuacha hivi.” Nilimsikia akipekuapekua chini ya upenu. Baadaye akarudi na kigae kimejaa makaa mekundu, akakisukuma chini ya kitanda, akatia ubani mwingi, akaikaza nguo ya dirishani, akafunga mlango nyuma yake ili joto lisitoke. Nilishukuru Mungu. Ubani ulinukia vizuri. Nikapitiwa na usingizi na mtoto ubavuni.

Niliamshwa na koo. Lilikuwa linachoma, na mdomoni nilikuwa na ladha ambayo niliijua lakini usingizi haukuniachia kuitaja. Macho yalikuwa yanatiririka. Mtoto alikuwa anakohoa, na kichanga hakohoi kama mtu mzima. Anakatika, ananyamaza, unamngoja, halafu anakatika tena. Nikapiga ukelele. Bi Riziki akaingia mbio, akamnyakua mtoto akatoka naye uani kwenye manyunyu, akawa anampepea kwa upande wa leso yake huku akisema, “Somo, somo, somo yangu.” Mwanatumu aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka bandani alisimama mlangoni mwa chumba, akavuta pumzi, akaitoa. Alinitazama mimi, akamtazama mamake. Akaingia, akakitoa kile kigae kwa vipande vya gunia, akakimwaga kwenye jaa nyuma ya choo.

Jioni ile uso wa mtoto ulikuwa umevimba, kope zimefumba, na vilengelenge vidogo vimejaa mashavuni na shingoni. Mimi pia nilitoka vipele usoni na mikononi, mahali popote nguo haikufunika. Mwalimu wa chuo aliandika kombe, aya za Kurani kwenye sahani, tukaliosha na kumtia mtoto maji yale mdomoni tone tone. Mwingine akasema ni joto la tumboni, mwingine akasema ametazamwa na jicho baya. Bi Riziki alimpakata usiku na mchana, hampi mtu, mkono wake wa kulia ameuzungushia kitambaa. Alisema umeunguzwa na uji. Kifua cha mtoto kilikuwa kinaingia ndani kila anapovuta pumzi, hata niliogopa kukitazama. Alfajiri moja kikaacha. Hakufika arobaini. Nililia mpaka maziwa yakavuja yakalowesha nguo, na hiyo ndiyo aibu ambayo sikuwa nimeambiwa, kwamba mwili hauna habari ya msiba.

Kisha maneno yakaanza. Asiyekulia pwani nimweleze: kuna kubemenda mtoto. Baba na mama wakikutana kabla ya wakati, mtoto mchanga anadhoofika, anakonda, anakufa, na kosa ni la wazazi walioshindwa kujizuia. Hakuna tusi kubwa zaidi kwa mwanamke. Na kulikuwa na jambo la kushika: Salimu alikuwa amekuja nyumbani kumwona mwanawe kabla hajaugua, akalala, akarudi kazini. Alilala chumba cha nje, juu ya mkeka, akanisalimu akiwa mlangoni na mamake amesimama katikati yetu. Lakini mtaa haukulala naye huko. Nilikuwa nafua nguo nyuma ya ua niliposikia upande wa pili sauti ya Bi Mwanakombo, jirani yetu, akimwambia mtu, “Salimu si alikuja? Kijana yule, mke mbichi, mvua inanyesha. Unafikiri walikuwa wanasoma Yasini?” Wakacheka. Kisha, kwa sauti ya huruma, ambayo iliniuma zaidi, akasema, “Maskini Bi Riziki. Somo wake wamemuua hivi hivi.” Salimu aliporudi naye alikuwa amekwisha kuyasikia huko huko shambani. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, “Tuwaambie nini?” Tungewaambia nini? Jambo ambalo halikutendeka halina shahidi.

Ukweli niliupata jaani. Nilikwenda kumwaga taka, mvua ilikuwa imeosha majivu, na ndani ya majivu nikaona ganda la korosho, limepinda vile linavyopinda, nusu jivu nusu jeusi linalong'aa. Nikaliokota. Lilikuwa na mafuta bado. Kufika jioni kidole gumba changu kilikuwa na lengelenge, na mimi nikawa nimekwisha kuelewa kila kitu, tangu kigae mpaka ladha ile ya mdomoni. Nilielewa hata alivyofikiri. Maganda yale yalikuwa meusi, yamekwisha kupita motoni bandani, naye akayawasha nje kwanza mpaka yakawa mekundu na moshi ukapungua. Kwa macho ya mtu asiyefanya kazi kule yalikuwa makaa tu, sumu yake imekwisha kuungua. Hakujua kwamba yanabaki na mafuta ndani. Mwanawe, yaani mimi, alikuwa anatetemeka. Na ubani akautia ili chumba kinukie vizuri.

Nililifunga ganda lile kwenye pindo la leso yangu. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Neno moja tu lingenitoa kwenye aibu, mimi na mume wangu, na neno lile lingemwendea mwanamke aliyenijazia sahani. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kusema. Bi Riziki alikuwa hafokei tena kuku. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, akitustahi kwa kugeuka ukutani, na kitambaa chake kilikuwa bado kipo, wiki baada ya wiki. Gunia la Mwanatumu halikuwa tena chini ya upenu. Hakuna aliyeuliza limekwenda wapi. Tulikuwa wanawake watatu ndani ya nyumba moja na kila mmoja ana ganda lake pindoni.

Masika ilipokwisha binti yake Bi Mwanakombo alitoka arobaini, na tukaalikwa. Kulikuwa na mikate ya mofa na mchuzi wa samaki, na wanawake wamejaa ukumbi mzima. Mtoto akawa anapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja anambusu na kumwombea dua kabla ya kumpa wa pili yake. Alipofika kwa jirani yangu nikanyoosha mikono. Bi Mwanakombo akasimama, akamchukua mtoto juu ya kichwa changu, akampa aliye mbele yangu. “Samahani, mwanangu,” akasema. “Si kwa ubaya. Mkono wako bado una mambo.” Mikono yangu ilikuwa bado iko hewani, sikujua niiteremshe vipi. Nikaishusha mpaka kwenye pindo la leso, nikaanza kufungua fundo, na ninaapa nilikuwa nasema. Kinywa kilikuwa kimekwisha kufunguka.

“Mwanakombo,” Bi Riziki akasema kutoka upande wa mlangoni, “mpe mtoto.”

“Shoga, wewe unajua haya ni mambo ya mwiko. Siwezi kuyajaribu kwa mjukuu wangu.”

“Mwiko gani? Mwanangu hakubemenda mtoto. Moto niliukoka mimi, kwa maganda ya korosho, nikafunga mlango.” Alikuwa amekwisha kusimama, anafungua kitambaa cha mkononi. Mkono ulikuwa umepona zamani. Haukuwa na kidonda chochote. Ulikuwa na mabaka, yale yale, na nusu ya wanawake wa ukumbi ule walikuwa wanafanya kazi bandani. “Nilimfukiza somo yangu mpaka akafa. Basi mimi ndiye msimpe mtoto. Yeye mpeni.”

Mtu akasema, “Ajali yake ilifika, Bi Riziki. Kila mja na siku yake.”

“Ilifika,” akajibu. “Na mimi ndiye niliyeifungulia mlango.”

Wakanipa yule mtoto. Nilimshika muda mfupi, nikamrudisha, kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda na niliogopa kumwangusha. Njiani kurudi sikuweza kungoja tufike. “Mama, ulijua tangu lini?”

“Tangu mchana ule. Nilipomnyanyua.”

“Na ukaniacha. Ukawasikia wakiniita vile, ukaniacha.”

“Nilikuwa nangoja unitaje. Nimeliona fundo la leso yako tangu siku ya jaa. Kila siku nilisema leo atanitaja, nami nitakubali. Hukunitaja.”

“Kwa hiyo kosa limekuwa langu?”

Mwanatumu alikuwa nyuma yetu anakohoa, kikohozi kile ambacho kilikaa naye maisha yake yote na ambacho ndicho kilichomwondoa mwezi huu. Nililifungua fundo nikalitupa ganda majanini. Tangu siku hiyo nilikula peke yangu chumbani. Nilimwamkia asubuhi, akaniitikia marahaba, basi. Watu wa mtaani walianza kunichekea tena, wakanivuta karibu, na sikuwataka. Wengine walinisifu kwa subira yangu. Haikuwa subira. Nilikuwa nimemchukia, na nilimchukia zaidi kwa sababu nilikuwa bado ninampenda.

Mwaka uliofuata nilijifungua tena, mtoto wa kiume, juu ya kitanda kile kile. Bi Riziki hakuvuka kizingiti cha chumba changu. Mwanatumu ndiye aliyenikanda, ndiye aliyeleta uji. Dirisha lilikuwa wazi kwa amri ya Bi Riziki, mlango wazi, na moto hakuna. Hakuna mtu aliyeutaja katika nyumba ile. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, na mimi nilikuwa nasikia baridi mpaka meno yanagongana. Nilivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili nilikiona kivuli cha Bi Riziki ukutani, amekaa chini nje ya mlango, anamsikiliza mtoto akipumua. Alikuwa anafanya hivyo tu, anasikiliza pumzi.

“Mama,” nikasema, “nileteeni moto.”

Kivuli hakikutikisika. “Mwanatumu atakuletea.”

“Mwanatumu hajui kukoka. Uleteni nyinyi, Mama.”

Alichukua muda mrefu. Niliwasikia kuku, nikasikia mtu akivunja makaa kwa mkono, kipande kimoja kimoja, anakinusa, anakiweka. Akaja na kigae. Ubani hakutia. Alikisukuma chini ya kitanda kwa mikono miwili, akabaki amepiga magoti pale chini, uso wake karibu na makaa, anavuta hewa yote yeye kwanza. Watu wa familia hupenda kusimulia kwamba siku ile nilimsamehe. Siku ile nilisikia baridi, na yeye alikuwa mama yangu. Nikamweka mtoto upande wa ukingoni, karibu naye, nikafumba macho nikalala.